Sifuri ya Kusindikiza

Mkifika pale ghala la mbegu la ushirika mkamuulizia Gaudensia, watu watakuna vichwa. Muulizieni Mama Sifuri. Hapo mtaonyeshwa nyumba yangu mpaka rangi ya pazia. Jina hilo nililipata kazini, wala si kwa kufeli mtihani, kama baadhi yenu mnavyonong'ona mkidhani sisikii. Mimi nimestaafu miguu tu, masikio bado yapo kazini.

Juzi nilipita kuwasalimia. Mmoja wenu, kijana mwenye adabu, shikamoo yake imenyooka kabisa, akanivutia kiti, akanipa chai, kisha akaniambia kwa furaha kwamba mnaisafisha programu ya zamani na mtaziondoa sifuri zote za mbele kwenye namba za vibuyu, kwa kuwa hazina kazi, zinajaza nafasi tu. Sikumjibu. Nilijua nikianza kusema chai itapoa, na chai ya ghalani mnaijua, ikipoa haimezeki. Basi leo nimekaa kwangu, chai nimeshakunywa, nawajibu.

Kazi yangu ilikuwa kugeuza namba kuwa mistari. Ndiyo hivyo tu. Mkulima analeta kibuyu chake cha mbegu, iwe ulezi, maharage au mahindi ya kienyeji. Tunakipa namba, na programu niliyoiandika inaigeuza namba hiyo kuwa ile mistari myeusi na myeupe mnayoiona hata kwenye sabuni ya dukani. Printa inachapa lebo, lebo inabandikwa shingoni mwa kibuyu, kibuyu kinapanda rafu. Msimu ukifika mwenye mbegu anarudi, skana inasoma mistari, inalia piii, na kompyuta inasema hiki ni cha fulani wa kijiji fulani. Ghala letu lilikuwa dogo, lakini ndani yake kulikuwa na mashamba ya watu ambayo bado hayajaota.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Evarist, Mungu amrehemu. Alifundisha hesabu sekondari miaka mingi, kisha akajifunza kompyuta mwenyewe kwa vitabu vya kuazima. Alikuwa mrefu, mkavu, na alikuwa hasemi neno mpaka asafishe koo kwanza. Hakuwahi kunigombeza hata mara moja. Nikikosea alisafisha koo, akasema, "Gaude, programu yako imekutii. Sasa tuone uliiamuru nini." Nilimpenda sana yule mzee, na maneno yake yale yaliniuma kuliko kofi.

Siku ya kwanza hakuniwashia kompyuta. Alinitoa nje, akanisimamisha mbele ya mlango wa ghala, akaniambia nibishe hodi. Nikabisha, najiona mjinga. Akaniuliza kama ningeweza kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Nikasema aka, siwezi. Akasema skana nayo ni hivyo hivyo. Vile vimistari vyembamba vya mwanzo ni hodi. Mwishoni kuna mstari mnene na mwembamba, hiyo ni kwaheri. Maneno yako katikati. Na kabla ya hodi na baada ya kwaheri lazima pawe na uwanja mweupe, mtupu, maana mtu habishi hodi akiwa bado yuko kichakani.

Kisha akanifundisha jambo lililonishangaza zaidi. Mimi nilidhani namba inaandikwa na mistari myeusi, na weupe ni karatasi iliyobaki. Kumbe weupe nao unasema. Katika aina ile ya mistari tuliyoitumia sisi, tarakimu zinakwenda mbili mbili. Ya kwanza inaandikwa kwa mistari mitano myeusi, miwili minene na mitatu myembamba, na mpangilio wa unene ndio unaosema kama ni saba au ni nne. Ya pili inaandikwa kwa nafasi tano nyeupe zilizo katikati ya mistari hiyo hiyo, nazo vilevile mbili pana na tatu finyu. Tarakimu mbili zinakaa mahali pamoja wala hazikanyagani.

Ndiyo maana namba yenye tarakimu witiri haiandikiki. Zikiwa tatu, tano au saba, lazima moja ibaki haina mwenzake. Dawa yake ni kuiwekea sifuri mbele. Tisa moja tano inakuwa sifuri tisa moja tano. Thamani ni ile ile, lakini sasa tarakimu ni shufwa na mistari inakubali. Mwalimu aliiita sifuri ya kusindikiza. Mgeni wako akiaga humwachi atoke peke yake, unakwenda naye mpaka njia panda. Hujamwongezea kitu, lakini hakutembea peke yake.

Msidhani nilielewa halafu mambo yakanyooka. Weee. Kuna wakati tulihamisha namba zote kwenye lile jedwali la kompyuta la hesabu, ili tuzipange vizuri. Jedwali likaona sifuri za mbele, likajiuliza kama kijana wenu wa juzi, hizi za nini, likazila zote. Asubuhi programu ikagoma kuchapa nusu ya lebo. Mwalimu akasafisha koo. Tangu siku hiyo naihifadhi namba ya kibuyu kama maandishi, siyo kama hesabu, kwa sababu hakuna siku utakayojumlisha kibuyu cha Namanyere na cha Laela ukapata jibu. Namba ile ni jina, ila limeandikwa kwa tarakimu. Mimi ni Gaudensia. Mtu akiniita Audensia kwa kuwa herufi ya mbele inajaza nafasi, sigeuki.

Halafu kulikuwa na Oresta. Wengi wenu mnamjua, yule mama mnene mcheshi aliyekuwa mtunza ghala, shoga yangu mpaka leo. Oresta ana ugonjwa wa usafi. Kuna juma lebo zilikataa kusomeka, moja baada ya nyingine, na mimi nimekagua programu mpaka macho yamevimba. Kumbe yeye alikuwa anazipunguza kwa mkasi kabla ya kuzibandika. Aliona ule weupe wa pembeni unakaa vibaya, kama kanga isiyopindwa, akaukata wote mpaka kwenye mstari wa kwanza. Kazi nzuri kabisa, ila uwanja wa kubishia hodi umekwenda na taka. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuliza kwa nini tusingeuandika huo weupe kwamba ni weupe. Tangu hapo nikaiambia programu ichape vinukta vidogo kwenye kona za lebo, nje kabisa ya weupe, kumwonyesha mkasi mwisho wake.

Kosa jingine lile, sidhani lingetokea popote isipokuwa Ufipa. Tulipata printa mpya isiyotumia wino. Inachapa kwa joto: karatasi yenyewe ikiguswa na joto inakuwa nyeusi. Tukafurahi. Tukawapa watu lebo waende nazo nyumbani wabandike kwenye vibuyu wenyewe, wavilete mbegu zikishakauka. Sasa ninyi mnajua bibi zenu wanakaushia wapi mbegu. Juu ya mafiga, kwenye moshi, ili wadudu wasiguse. Vibuyu vikarudi, na kila lebo imekuwa nyeusi tii, haina mstari wala nafasi, imekuwa usiku mtupu. Akina mama nao wanatuuliza kwa heshima kama tumependa rangi. Mwalimu alishika kimoja, akakigeuza, na ile siku hakusafisha koo, alicheka. Tukarudi kwenye printa ya wino.

Katika akina mama hao alikuwemo Bibi Yustina wa Kate, na sasa nimefika ninapotaka.

Bibi Yustina alikuwa mdogo wa umbo, amejifunga kilemba cheupe daima, na alikuwa haamini mashine wala haichukii. Aliamini adabu. Mara ya kwanza alipoisikia skana ikilia piii, aligeuka akajibu, "Ee, karibu." Hakuwa anatania. Kitu kimeita mlangoni, mtu mwenye malezi anaitika. Ghala zima lilivunjika mbavu, yeye akatuangalia tu, na ilipolia tena akaitika tena. Mpaka ikawa kila akija tunasubiri. Mimi nilimwambia Mwalimu kwamba bibi huyu ameielewa ile hodi kuliko mimi.

Kibuyu chake kilikuwa kimoja. Ulezi mwekundu wa kichwa kilichojikunja, unaowahi kukomaa, ambao mama yake alikuja nao alipoolewa, na mama wa mama yake vilevile. Kwao binti hatoki kwenda kwa mumewe bila mbegu ya ulezi iliyolimwa na mama yake mzazi. Bibi Yustina alimpa binti yake Agnesi, na Agnesi aliilima, akavuna, akaijaza kwenye kibuyu kile kwa mikono yake, kwa ajili ya mwanawe Felista atakapoolewa. Kisha Agnesi akaugua, akafa. Shamba lilikaa bila mtu, ulezi mwingine wa aina ile ukapotea. Kilichobaki ni kibuyu. Bibi alikileta kwetu kwa sababu nyumba yake iliwahi kuungua na hakuamini tena paa la nyasi. Alinikabidhi mimi mkononi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Humu ndimo mikono ya mwanangu ilipoishia." Nikakipa namba 273416, nikabandika lebo shingoni, nikakipandisha rafu mwenyewe.

Felista akachumbiwa. Arusi ikapangwa kabla ya mvua. Bibi Yustina akaja kuchukua kibuyu, na kibuyu hakipo.

Tuliipitia rafu yote. Tulichokiona ni kibuyu kingine chenye namba 2734, ambacho kompyuta ilisema kimeshachukuliwa, nacho kimekaa pale kinatutazama. Lazima niwaeleze kwamba vibuyu vyetu vya mwanzo vilikuwa na namba za tarakimu nne. Ghala lilipokua tukaenda kwenye sita, na zile za nne tukaziacha kama zilivyo, kwa hiyo skana iliruhusiwa kukubali zote. Oresta akashika kichwa. Alikumbuka kwamba siku chache nyuma alikuja bwana mmoja kutoka Muze, anaitwa Kastori, ametumwa na mke wake achukue kibuyu chao namba 2734. Oresta alipita na skana kwenye rafu, kimoja kikalia, kompyuta ikasema 2734, akampa. Ulezi kwa ulezi, nani angejua?

Mwalimu Evarist alichukua skana, akaanza kusoma vibuyu vya rafu ile kimoja kimoja, mara anaishika skana sawa, mara anailaza upande. Alipofika kwenye kibuyu kimoja ikalia piii, tarakimu sita. Akailaza. Piii, tarakimu nne. Kibuyu kilekile kimejibu kwa majina mawili.

Kosa lenyewe ni hili, na msilisahau. Shingo ya kibuyu si bapa. Lebo ikizunguka shingo, mwanga wa skana unaipita mshazari. Unaingia vizuri kwa hodi, unasoma jozi ya kwanza, unasoma ya pili, kisha badala ya kuendelea unatokea kwa juu, kwenye weupe, kama mtu aliyetoka kwa kupitia paa. Na kwa bahati mbaya jozi ya tatu ya namba ya Bibi Yustina, moja na sita, inaanza na mstari mnene, nafasi finyu, mstari mwembamba. Hiyo ndiyo kwaheri yetu. Skana ikaona imeagwa, ikaridhika, ikalia. Haikudanganya, ila haikusikia mpaka mwisho.

Bibi Yustina alikuwa amekaa kwenye benchi muda wote, mikono mapajani. Hakulia wala hakulaumu, na hilo ndilo lililonitia hofu. Aliuliza swali moja tu, Muze kwenda ni saa ngapi.

Tulipanda gari la ushirika, dereva, Bibi mbele, mimi kati na kibuyu cha watu cha 2734 nimekipakata. Oresta alibaki anasali, Mwalimu alibaki na skana. Ile njia ya kushuka kwenda bonde la Rukwa mnaijua, joto linakupokea kabla hujamaliza mteremko, na mimi nilitoka na sweta. Njiani Bibi aliniuliza mambo ya mistari, nafikiri ili kunitoa hofu. Nikamweleza tarakimu zinavyokaa mbili mbili, na kwamba iliyo peke yake tunaipa sifuri iisindikize. Akataka kujua hiyo sifuri inaongeza nini. Nikasema haiongezi kitu, Bibi, ila bila hiyo ile nyingine haiendi.

Kwa Kastori tulimkuta mke wake, Mama Sabina, uani. Alipokiona kibuyu mikononi mwangu alikijua toka mbali, akaweka ungo chini. Akasema alijua tangu siku ile. Shingo ya kibuyu kilicholetwa ilikuwa ndefu, si ya kwake, na alimwambia mume wake. Kastori akamjibu, "Mashine imelia. Wewe nani ubishane na mashine?" Naye akaamua kutobishana. Walikuwa na shughuli ya kifamilia, panahitajika pombe, na ule ulezi ulikuwa wa kimea. Alishauloweka, akautoa, akaufunika na gunia bichi uchipue. Jamvi la kuuanika lilikuwa limeshatandikwa juani pale mbele yetu.

Nyinyi mnaokula mkate wa dukani niwaeleze. Ulezi uliochipua ukianikwa juani unakufa, ndiyo kimea, unasagwa, unakuwa pombe. Haurudi tena kuwa mbegu. Na hauwezi kurudi kibuyuni nao, kwa kuwa ni mbichi, utaoza. Nilisimama pale naona mikono ya Agnesi imefunikwa na gunia, nikaanza kulia mimi, mtu wa ofisini, mbele ya mwenye msiba. Nilipomweleza ni mbegu ya arusi ya Felista, Mama Sabina akapiga magoti, akaanza kupiga makofi ya kuomba radhi taratibu, kichwa chini.

Bibi Yustina alifunua gunia. Akachota ulezi kwa viganja, ukiwa na vimizizi vyeupe vidogo vidogo, akausogeza karibu na macho. Kisha akamwinua yule mama kwa mkono.

"Umeuamsha mapema tu, mwanangu," akasema. "Na kilichoamka hakilazwi tena. Tuletee jembe."

Tukalima kitalu pale pale, karibu na kisima cha Mama Sabina, mimi na viatu vyangu vya ofisini. Bibi aligawa ule ulezi mara mbili. Nusu moja akaimwaga kwenye kitalu kile, akafukia kwa vidole, akamwambia Mama Sabina huo ni wake, aumwagilie mpaka mvua ije. Mama Sabina alikataa, akasema hawezi kupokea mbegu ya arusi ya mtoto wa watu. Bibi akanionyesha mimi kwa kidevu, akamwambia huyu amenifundisha njiani kwamba kilicho peke yake hakiendi. "Huu wa kwako uusindikize wa kwangu." Nusu ya pili tuliifunga kwenye kitambaa kibichi, tukapanda nayo mlima.

Arusi ya Felista nilihudhuria, ningekosaje? Ulezi ulikuwa umeoteshwa kwenye karai la udongo, umefika kimo cha kidole. Basi bibi arusi akapelekwa kwa mumewe, gauni jeupe, shela, maua, na karai la miche mapajani, udongo umechafua satini yote. Watu walicheka, akina mama wa kule upande wa bwana arusi wakauliza ati huyu ameolewa au ameajiriwa. Felista alilishika lile karai kwa mikono miwili mpaka akaingia nalo ndani. Mvua ya kwanza ilipoanguka akaihamishia miche shambani.

Ingeishia hapo ningefurahi, lakini msimu ule ule mvua ya mawe iliupiga upande wao. Mahindi yalilala, ulezi ule mchanga ukasagwa na matope. Hakubaki na punje. Felista alikuja ghalani kuniambia, akiwa na mimba, hakuweza hata kukaa, alisimama ameegemea rafu. Mimi sikuwa na la kumpa.

Mavuno yalipokwisha, Mama Sabina alipanda mlima kutoka Muze. Alikuwa na kibuyu cha shingo ndefu kichwani, kilekile, kimejaa mpaka mdomoni. Kule kwao mvua ya mawe haikufika. Aliuliza nyumba ya Bibi Yustina, tukamwambia Kate ni mbali, akasema hata kama. Alisindikiza mbegu mpaka mlangoni, na Bibi alikuwa bado hai, akaipokea kwa mikono yake, akampelekea Felista.

Sisi ghalani tulikuwa tumeshatengeneza nyumba yetu. Kwanza tuliweka kizingiti: mstari mnene juu ya mistari yote na mwingine chini yake, ili mwanga ukitaka kutokea kwa paani ugonge ukuta, skana ikatae kulia. Pili tukaanza kubandika lebo kwa wima shingoni, mistari ikae kama ngazi, maana ukiipanda kwa urefu wa shingo haikunji. Tatu tukaongeza shahidi. Shahidi ni tarakimu moja ya mwisho inayotokana na nyingine zote: unaanza upande wa kulia, unazidisha tarakimu ya kwanza kwa tatu, inayofuata kwa moja, hivyo hivyo, unajumlisha, unaangalia inapungua ngapi kufika kumi kamili. Skana ikisoma vibaya, shahidi anakataa. Nne, tukaiambia skana isikubali tena namba fupi wala ndefu, urefu uwe mmoja kwa vibuyu vyote.

Sasa pigeni hesabu ninyi wenyewe, wasomi wangu. Tarakimu sita, ongeza shahidi, ni saba. Saba ni witiri. Haiandikiki. Kwa hiyo kila namba ya kibuyu katika ghala lile ina sifuri mbele, inayoisindikiza. Kila mgeni wa ushirika alipouliza hiyo sifuri ya nini nilimweleza mwanzo mpaka mwisho, na ndipo Oresta akanipachika jina. Mkiiondoa mistari haitasomeka, hilo ni la kwanza, na mngeligundua wenyewe kabla ya chakula cha mchana. Mkihamia kwenye ule mraba wenu wa vidoti unaosomwa na simu, sawa, hamieni, ni mzuri, nimeusoma, hauhitaji shufwa. Ila jina la kibuyu halibadiliki kwa kuwa mlango umebadilika. Hamisheni na sifuri yake.

Siku yangu ya mwisho kazini Mwalimu Evarist alikuwa ameshatangulia, na Bibi Yustina naye. Oresta alinitengenezea chai. Felista akaingia, mama mtu mzima sasa, na kibuyu kipya, kile cha zamani kilishapasuka. Ulezi mwekundu, kichwa kilichojikunja. Aliomba kipewe namba ileile. Nikachapa lebo mwenyewe, 02734163, uwanja mweupe huku na huku, kizingiti juu na chini, nikaibandika kwa wima. Felista alikuwa amenipa mgongo, anamwambia Oresta habari za wanawe na Mama Sabina aliyekuja kuwatembelea.

Nikaweka skana kwenye shingo ya kibuyu. Ikalia piii.

Bila kugeuka, katikati ya maneno yake, Felista akaitika, "Ee, karibu."

Kisha akaendelea na habari zake. Oresta alinitazama, mimi nikatazama kibuyu. Chai yangu ilipoa pale mezani, nikainywa yote.